Lugha za Kutunga Kwenye Muvi za Viumbe wa Anga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nina kibanda cha kuonyesha muvi hapa Chang'ombe, Dodoma, mwaka wa sita sasa. Kila nikiweka muvi ya viumbe wa anga lazima mtu mmoja ageuke aulize "hii lugha ya wapi?", na kwa vile haya mambo nayapenda kuliko muvi zenyewe nimesoma kila nilichokipata, nimejibu kwa mdomo mpaka nikaona bora niandike. Sijapanga kwa utaratibu wowote, nimeweka vile yanavyokuja.

Hivi wanaongea lugha kweli au wanabwabwaja tu?

Inategemea muvi. Zamani nyingi zilikuwa kubwabwaja, au maneno machache tu ya kutisha watu. Mwaka 1951 kuna muvi inaitwa The Day the Earth Stood Still, mle ndani mwanamke anakabiliana na roboti mkubwa na kumwambia "Klaatu barada nikto" ili asiangamize dunia. Maneno matatu, basi, nyuma yake hakuna sarufi wala kamusi, ila watu wanayakumbuka mpaka leo. Halafu zipo muvi ambazo wamechukua sauti za lugha ya watu halisi wakazikoroga, Star Wars ndio baba lao. Na zipo ambazo mtu amekaa chini akatunga kitu kizima chenye kanuni, ukijifunza unaweza ukamtukana mwenzako na akaelewa.

Kipimo changu ni hiki, sikiliza sentensi mbili tatu uone kama neno lilelile linarudi likiwa na maana ileile. Likirudi, ujue kuna mtu alifanya kazi.

Mtaalamu wa lugha wa kwanza kuitwa ni nani?

Anayetajwa zaidi ni mama mmoja, Victoria Fromkin, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles. Mwaka 1974 alitunga Kipakuni kwa ajili ya kipindi cha watoto cha televisheni kinaitwa Land of the Lost, kile chenye viumbe kama nyani. Mi kinachonifurahisha ni kwamba miaka sita kabla, 1968, alikuwa ameandika na mwenzake kitabu kizima kuhusu sauti za Kiakan cha Ghana. Kwa hiyo huyu anayetajwa wa kwanza alikuja akiwa ameshakaa na lugha ya Afrika mezani kwake muda mrefu. Likumbuke hilo, tutarudi.

Kiklingoni kilianzaje?

Hapa nitakaa kidogo maana ndio lugha ya muvi iliyokwenda mbali kuliko zote.

Kilianza 1979 kwenye Star Trek ya kwanza ya sinema. Wale Waklingoni, viumbe wapiganaji wa humo, walitakiwa kusema sentensi chache mwanzoni mwa muvi, na aliyetunga zile sauti ni mwigizaji James Doohan, yuleyule anayecheza fundi mitambo wa chombo. Zilikuwa sauti za kukwaruza koo, basi. Mwaka 1982 wakamhitaji mtu wa kutengeneza sentensi chache za Kivulkani, lugha ya viumbe wengine wa humo, kwenye muvi ya pili. Ile sehemu ilikuwa imeshapigwa waigizaji wakiongea Kiingereza, kwa hiyo ikabidi zitungwe sauti zinazofuata mwendo wa midomo yao. Aliyepewa kazi hiyo ni Marc Okrand, mwanaisimu aliyekuwa Los Angeles kwa shughuli ya kuandaa maandishi ya chini kwa ajili ya viziwi kwenye matangazo ya tuzo za Oscar. Alifanya vizuri, wakamrudia kwa muvi ya tatu ya 1984, safari hii wakataka lugha nzima, na 1985 kamusi ikatoka.

Alichofanya Okrand ni kuanza na zile sauti za Doohan asizitupe, halafu akazijazia. Kila sauti aliyoweka ipo duniani mahali fulani, ila mchanganyiko wake ndio hauko kokote. Akafika kwenye mpangilio wa maneno akachagua ule adimu, anatangulia anayetendewa, kinafuata kitenzi, mtendaji anakaa mwisho. Yaani sisi tukisema "simba amemla mbuzi", Mklingoni atasema "mbuzi amemla simba" na aliyeliwa bado ni mbuzi. Zipo lugha chache sana duniani za hivyo, mojawapo ni Kihixkaryana cha kule Brazili.

Sasa sikiliza hapa, kwa Mswahili kile kitenzi sio kigeni hata kidogo. Mzungu anasema maneno matatu "mimi kuona wewe", Mklingoni anasema qalegh, neno moja, legh ni kuona na ile qa- mbele imebeba mimi na wewe kwa pamoja. Na sisi? Nakuona. Neno moja. Hata kwenye wingi wana kitu kinachofanana na ngeli zetu: viumbe wanaoongea wanachukua -pu' mwishoni, viungo vya mwili vinachukua -Du', vilivyobaki vinachukua -mey. Siku nilipolisoma hilo nilifunga simu nikatoka nje nikakaa kwenye benchi. Mtu amekaa Marekani anawaza lugha ya viumbe wa ajabu kabisa, halafu anatua pale ambapo bibi yangu anatua kila asubuhi akiongea Cigogo.

Salamu hawana. Wakikutana wanasema nuqneH, maana yake "unataka nini?" Ukitoka kwetu huku unakomwambia mtu "mbukwenyi" na kusubiri akujibu taratibu, unaelewa kwamba Okrand hapo alikuwa hatungi neno, alikuwa anatunga tabia.

Kitu kingine watu hawakijui, waigizaji walipokosea kutamka mara nyingi hakuwarudisha, alirekebisha lugha ifuate walichosema. Na maandishi ya chini yalipobadilishwa baada ya kupiga picha, neno lilelile likapewa maana mpya.

Huyo Okrand hayo yote aliyatoa wapi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote na watu hawaliulizi vya kutosha.

Kabla ya Waklingoni, Okrand alisoma udaktari wake Berkeley, akamaliza 1977. Kazi yake ilikuwa kuandika sarufi ya Kimutsun, lugha ya wenyeji wa asili wa California, na wakati anaiandika hapakuwa na mtu hata mmoja duniani anayeiongea. Mwongeaji wa mwisho, Ascensión Solórsano, alifariki mwaka 1930. Kabla hajafa alikaa na mtafiti mmoja, John Harrington, mama ni mgonjwa kabisa, anasema maneno, jamaa anaandika, siku baada ya siku. Yale makaratasi yakahifadhiwa. Okrand akayachukua miaka karibu hamsini baadaye, akapekua karatasi kwa karatasi akatafuta kanuni, hiki kiambishi kinakaa wapi, hii sauti inabadilika lini.

Kwa hiyo mtu aliyetupa Kiklingoni alijifunza lugha inavyoshikana kutoka kwa mama mgonjwa aliyekataa kufa na maneno yake. Na leo hii watu wa ukoo wa Wamutsun wanajifundisha upya lugha yao, na ile sarufi ya Okrand ni moja ya vitu wanavyovitumia. Mimi nikiweka Star Trek pale kibandani, nikasikia zile sauti za kukwaruza, namfikiria yule mama.

Ni kweli kwenye Star Wars kuna mtu anaongea Kikuyu?

Kweli kabisa. Return of the Jedi, 1983, yule mwenye mashavu makubwa anayekaa pembeni ya Lando kwenye chombo, anaitwa Nien Nunb. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani wakati huo, na alikuwa anaongea Kikuyu na Kikalenjin, lugha zenyewe, hazijakorogwa. (Kikuyu cha Kenya jamani, sio mtaa wetu wa Kikuyu hapa mjini, nimeulizwa hilo nalo.) Watu wa Kenya walipoiona walishangilia kwa sababu wao walikuwa wanaelewa, na ulimwengu mzima unadhani ni lugha ya sayari ya mbali. Muda mrefu imekuwa ikiandikwa kwamba ile lugha ni Kihaya cha kwetu Kagera, na Wahaya wengi wanajivunia, lakini mwenye sauti anasema ni Kikuyu na Kikalenjin na mimi namsikiliza mwenye mdomo.

Na zile nyingine za Star Wars?

Fundi wa sauti alikuwa Ben Burtt. Kihutt, kile anachoongea lile limdudu linene Jabba, alikitoa kwenye Kiquechua cha milima ya Amerika Kusini. Wale wafupi wa jangwani wenye macho yanayowaka ni Kizulu kilichoongezwa kasi. Wale wanaofanana na madubu ya kuchezea, msingi ni Kikalmyk, lugha ya jamii ya Wamongolia walioko Urusi, akachanganya na lugha za Tibet na Nepal. Chewbacca ni dubu na wanyama wengine, hakuna lugha pale.

Sababu yake inaeleweka, mtu akibuni sauti kutoka kichwani mwake lugha yake ya mama inavuja humo humo, Mmarekani atabwabwaja Kimarekani. Ukienda kwenye lugha ya watu unapata mdundo wa kweli. Ila dukuduku langu ni moja na sitaacha kulisema. Kila siku ni lugha ya Mzulu, ya Mquechua, ya Mkikuyu ndio inasikika ya ajabu kiasi cha kufaa viumbe, na wenye lugha hawaambiwi. Rotich angalau jina lake linajulikana. Wengine hapana.

Mbona kwenye muvi zilizotafsiriwa DJ haitafsiri lugha ya viumbe, anasema tu mambo yake?

Kwa sababu naye haielewi. Anaangalia sura ya kiumbe anajaza. Kuna siku kiumbe alikuwa anaomba amani, DJ akasema anadai pesa ya kodi, na kibanda kizima kikamchukia yule kiumbe mpaka mwisho wa muvi. Ndio maana mi zenye lugha ya kutunga naweka ya asili yenye maandishi ya chini, hata kama wengine wananuna.

Kina'vi cha Avatar ni cha kweli?

Cha kweli, na kwa maoni yangu ndicho kizuri kuliko vyote masikioni. James Cameron mwenyewe alikuwa na maneno kama 30 hivi ya kuanzia. Mwaka 2005 wakampata Paul Frommer, mwanaisimu aliyekuwa anafundisha kwenye shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Frommer akamwandalia Cameron ladha tatu za sauti achague, moja inacheza na kupanda na kushuka kwa toni, moja inacheza na urefu wa irabu, moja ina zile sauti zinazotoka kwa mshindo koo likiwa limebanwa, unazisikia kama kizibo kidogo kinafunguka. Cameron akachagua hiyo ya mshindo. Muvi ikatoka Desemba 2009.

Vitu viwili vya kuangalia. Cha kwanza, sisi viambishi tunaweka mbele na nyuma ya mzizi, wao wanapasua mzizi wenyewe wanachomeka katikati. Kame ni kuona kwa ndani, kumtambua mtu. Ukitaka kuonyesha kwamba unasema kwa furaha unachomeka ei inakuwa kameie, ndio ile sentensi maarufu Oel ngati kameie, nakuona. Cha pili ni hesabu ya watu. Sisi tuna mtu na watu, tumemaliza. Wao mtu mmoja ni tute, wawili mesute, watatu pxesute, kuanzia wanne aysute. Na kuhesabu kwao ni kwa nane sio kwa kumi, kwa sababu wana vidole vinne kila mkono. Ukiwatazama mikono kwenye muvi utaona.

Ile ya Wakanda, kwenye Black Panther, je?

Sio ya kutunga. Ni Kixhosa cha Afrika Kusini, lugha ya Mandela. Ile ya pili ya 2022, wale watu wa majini wanaongea Kimaya cha Yucatán, nayo lugha hai.

Kiswahili kimewahi kutumika kwenye muvi za anga?

Jina la Uhura wa Star Trek limetoka kwenye neno uhuru. Mwigizaji Nichelle Nichols alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu chenye jina hilo mkononi, mazungumzo yakaanzia hapo. Na kwenye kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, Septemba 1966, kuna kiumbe kinajigeuza mwanaume kinamwendea Uhura na kumsemesha Kiswahili. Matamshi yanahitaji uvumilivu lakini ni Kiswahili. Nchi yetu kama Tanzania ilikuwa haijafikisha hata miaka miwili na nusu.

Arrival wale pweza wakubwa wanaongea nini?

Kuongea achana nako, angalia maandishi. Yale maduara ya wino yalichorwa na msanii Martine Bertrand, na kwa ajili ya muvi zikaandaliwa alama kama 100 zenye maana zake. Hakuna mwanzo wala mwisho wa sentensi, inatokea yote kwa mpigo. Hadithi yenyewe ni ya Ted Chiang, ya 1998, na mwanaisimu Jessica Coon wa Kanada aliitwa kuwaonyesha mtafiti halisi anavyofanya kazi akikutana na lugha asiyoijua. Ile sehemu ya ubao mweupe, anajionyesha mwenyewe kwanza jina lake, ndivyo inavyofanyika kweli.

Kinyume tulichokuwa tunaongea utotoni nacho ni lugha ya kutunga?

Hapana, ile ni kufuli. Ukisema bukita badala ya kitabu, jima badala ya maji, lugha ni Kiswahili kilekile, umegeuza silabi tu ili wakubwa wasielewe. Sarufi haijabadilika. Ila usiidharau, lugha za siri zimeingia mpaka kwenye muvi. Dune ina lugha inaitwa Chakobsa, na hilo jina mwandishi Frank Herbert alilichukua kwenye habari za lugha ya siri ya wawindaji kule milima ya Kaukazi, akaliweka kwenye kitabu chake cha 1965. Kwa muvi ya 2021 akaja David Peterson akaijenga iwe lugha kamili.

Mbona hakuna anayetumia vidoko, zile sauti za kugonga ulimi, kama vya Wasandawe?

Zipo sababu. Waigizaji wanatakiwa wajifunze kwa wiki chache, na kidoko kwa mtu mzima ambaye hakuzaliwa nacho ni kazi. Lakini acha nisimulie.

Nje ya kibanda changu kuna mama anauza karanga, ametoka Kwa Mtoro, Chemba, ni Msandawe. Siku moja nilikuwa nahangaika na sauti moja ya Kiklingoni inayoandikwa tlh, nimeegemea mlango najaribu, inatoka mate tu. Mama akaniuliza unatafuta nini mwanangu. Nikamweleza. Akaweka kopo la kupimia chini, akasema "angalia ulimi wangu", akaubandika juu nyuma ya meno ya mbele, akauacha hapohapo, hewa ikatoka pembeni kwenye magego kwa kishindo. Akarudia mara tatu, polepole, mdomo wazi nione. Kisandawe kina sauti za familia hiyo hiyo, hata Wairaqw na Waburunge wanazo. Halafu akanipa na vidoko bila kuombwa, cha nyuma ya meno, cha juu ya kaakaa, cha pembeni ya shavu, huku anafunga karanga za mteja.

Hapa kwetu katikati ya nchi ukichora duara kuanzia Kondoa mpaka ziwa Eyasi una Warangi, Wagogo na Wanyaturu upande wa Kibantu, una Waburunge na Wairaqw upande wa Kikushi, una Wabarabaig upande wa Kinailoti, una Wasandawe wenye vidoko, una Wahadza ambao ni kama watu elfu moja tu na lugha yao wataalamu wengi wanaona haina ndugu popote. Ni nadra sana kukuta hivyo duniani. Natamani Kisandawe kipate nusu ya kamusi, nyimbo, vipindi na wanafunzi ambavyo Kiklingoni kimepata, na nasema hivyo nikiwa nakipenda Kiklingoni.

Kuna watu wanaongea Kiklingoni nyumbani?

Wapo wanaokiongea wakikutana, wana taasisi yao tangu 1992, wametafsiri Hamlet, na 2010 iliigizwa opera nzima kule Uholanzi. Kuna baba mmoja Mmarekani alimsemesha mwanawe Kiklingoni tu kwa miaka yake mitatu ya kwanza, mama akawa anamsemesha Kiingereza. Mtoto akachagua Kiingereza.

Lugha ya muvi ni mali ya kampuni?

Kamusi kama kitabu ni mali, ndiyo. Lugha yenyewe bado haijaamuliwa. Kuna kesi Marekani Kiklingoni kilitajwa kati ya vitu vilivyodaiwa kuibwa, chama cha watunzi wa lugha kikapeleka hoja mahakamani mwaka 2016 kwamba lugha haimilikiwi, ila pande mbili zikapatana Januari 2017 kabla hilo halijajibiwa.

Nataka kutunga ya kwangu, nianzie wapi?

Usianze na maneno. Anza na watu wako, wanakaa wapi, wanakula nini, wana vidole vingapi, wanamwogopa nani. Halafu sauti, chagua chache na uziheshimu, na muhimu zaidi amua sauti zipi HAWANA, Wana'vi wa muvi ya kwanza hawana b wala d wala g na hilo peke yake limewapa nusu ya sura yao. Kisha mpangilio wa maneno. Kisha wingi. Kamusi iwe ya mwisho, na andika kwenye daftari, simu inaibiwa.

Pale benchi la nyuma kuna vijana wanne wa kidato cha pili wameshaanza, lugha ya watu wanaoishi chini ya mbuga ya chumvi. Mpaka juzi walikuwa na maneno 43. Neno la maji ndilo lililowashinda, kila mmoja ana lake na hakuna anayekubali, ila sauti ya kuanzia wamekubaliana, na walikuwa wamechuchumaa nje wote wanne wakimtazama mama wa karanga ulimi.